Kwikwi Kwenye Video za Skrini: Jinsi ya Kuzitibu Bila Kununua Laptopu Nyingine

Somo lilikuwa la dakika 40, kuhusu VLOOKUP, fomula ya Excel. Sauti ilitoka safi, maelezo yalikaa sawa, sikujikwaa hata mara moja. Nilipoicheza video nikakuta mshale wa kipanya hautembei, unaruka kama panzi: sasa hivi upo seli A2, mara upo F9, njiani haukuonekana. Mwanafunzi anayejifunza kwa kufuatisha mkono wa mwalimu, hapo ameshapotea.

Laptopu ilikuwa ya mtumba: Core i5-6200U, prosesa iliyotoka mwaka 2015, kori 2 tu, RAM ya GB 8, na chipu ya grafiki iliyojengewa humohumo ndani ya prosesa. Nikauliza watu. Mmoja akasema ongeza RAM, mwingine akasema toa antivairasi, wa tatu akaapa kwamba tatizo ni diski. Nikanunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Laptopu ikawa inawaka haraka, kweli, lakini kwikwi zikabaki palepale.

Kosa langu lilikuwa kutibu kabla ya kupima. Fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, hupotea mahali zaidi ya pamoja, na dawa ya mahali pamoja haigusi pengine. Kwa hiyo hapa tunaanza na kipimo, kisha kila mtu aende kwenye hatua inayomhusu. Nitatumia OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na zaidi ya yote inakuambia yenyewe fremu zinapotelea wapi. Maelezo yangu ni ya Windows. Majina ya vitufe nitayaandika kama yalivyo kwenye skrini, ili uyaone ukiyatafuta.

Fremu inapitia mikono mingapi

Video ya fremu 30 kwa sekunde inaipa laptopu milisekunde 33.3 kumaliza kila fremu. Ya fremu 60 inaipa milisekunde 16.7. Ndani ya muda huo kazi tatu ziwe zimekwisha: chipu ya grafiki inanasa skrini na kuipanga pamoja na vingine ulivyoweka, kama uso wako pembeni, enkoda inaibana picha ile iwe ndogo, diski inaiandika.

Ni kama wapika chapati watatu. Mmoja anasukuma, mmoja anachoma, mmoja anapanga kwenye sahani. Anayechoma akizidiwa, hata ukimwongezea anayesukuma wasaidizi wawili, chapati hazitoki haraka zaidi. Mimi na SSD yangu nilikuwa nimemwajiri mpanga sahani wa pili.

Hatua ya 1: Chomeka chaja, kisha pima

Chaja kwanza. Laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguza nguvu ili zidumu, na kipimo utakachokipata hapo si cha kuaminika. Kwenye Windows 11 ingia Settings, System, Power & battery, halafu kwenye Power mode chagua Best performance. Kwenye Windows 10 bofya alama ya betri chini kulia na usukume kitelezi mpaka mwisho wa kulia.

Na chaja yenyewe iwe inayolingana na laptopu. Baadhi ya laptopu zikiona chaja zisiyoitambua, au yenye wati pungufu, zinakubali kufanya kazi lakini zinaibana prosesa isikimbie. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, tazama CPU. Kama mwendo wake umeganda chini ya GHz 1 hata ukiifanyisha kazi nzito, huna tatizo la OBS. Una tatizo la chaja, au la joto nitakalolieleza mbele. Rekebisha hilo kwanza. Mengine yote yatakudanganya.

Sasa fungua OBS. Kwenye menyu ya View au ya Docks, kutegemea toleo lako, kuna Stats. Ifungue, bofya Reset ili namba zianze upya, anza kurekodi, na kwa dakika 3 fanya kazi ileile unayotaka kuirekodi. Usikae tu ukiitazama skrini tupu. Kama somo lako ni la Excel, shuka na upande kwenye jedwali, fungua faili, badilisha dirisha. Kama ni mchezo, cheza.

Kisha soma mistari miwili.

"Skipped frames due to encoding lag": hizi ni fremu zilizopotea kwa sababu enkoda ilizidiwa. Nenda hatua ya 2.

"Frames missed due to rendering lag": hizi zilipotea kabla ya kumfikia enkoda, kwa sababu chipu ya grafiki haikuwahi. Nenda hatua ya 3. Juu yake kuna "Average time to render frame", nayo inafaa kuitazama: ukirekodi kwa fremu 60 na namba hiyo inakaribia 16.7, uko ukingoni.

Utaona pia fremu zilizodondoka kwenye mtandao. Hizo ni za wanaorusha matangazo ya moja kwa moja; kwa anayerekodi kwenye diski hazina maana yoyote.

Mimi nikiona chini ya asilimia 1 sihangaiki, jicho halitaona. Asilimia 5 itaonekana. Na kama mistari yote miwili inasoma sifuri huku video bado ina kwikwi, basi OBS imefanya kazi yake vizuri: ama programu unayoirekodi ndiyo inayokwama, ama kinachokwama ni kifaa unachochezea video.

Hatua ya 2: Enkoda amezidiwa

Huu ndio ugonjwa wa wengi, na ndio uliokuwa wangu. OBS hata hukuandikia chini ya dirisha, "Encoding overloaded!", na mimi nilikuwa siutazami mstari ule kabisa.

Fungua Settings, kisha Output. Acha Output Mode ikiwa Simple. Upande wa Recording kuna Video Encoder. Ukikuta Software (x264), maana yake prosesa yako ndiyo inayobana kila fremu kwa nguvu zake yenyewe, huku inaendesha Excel, kivinjari na Windows yenyewe. Kori 2 hazitoshi kwa hayo yote.

Laptopu nyingi zina sehemu maalumu ya kubana video, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, ambayo hukaa bila kazi mpaka uiite. Prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani zimekuwa nayo tangu kizazi cha 2, mwaka 2011, kwa jina la Quick Sync, kwenye orodha ya OBS inaandikwa Hardware (QSV, H.264). Kadi za NVIDIA zina NVENC tangu mwaka 2012, ingawa baadhi ya kadi ndogo za laptopu hazikuwekewa. AMD nao wanayo yao. Chagua yoyote uliyonayo yenye neno Hardware, rudi kwenye Stats, bofya Reset, pima tena dakika 3.

Kwangu hilo peke yake lilimaliza maneno. Mstari wa encoding lag ulishuka mpaka karibu na sifuri, prosesa ikapumua, na feni ikanyamaza kiasi. Sikulipa hata shilingi.

Kama orodha haionyeshi Hardware yoyote, usikate tamaa mapema. Mara nyingi kilichokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu, hasa kwa laptopu iliyopigwa Windows upya dukani. Fungua Device Manager, angalia Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, Windows haijui kabisa una chipu gani. Pakua draiva ya grafiki kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, au kwa chipu za Intel kutoka tovuti ya Intel yenyewe, iweke, washa upya.

Na kama kweli laptopu haina enkoda ya maunzi, baki na x264 lakini ipunguzie kazi. Kwenye orodha ileile kuna x264 nyingine yenye maneno "low CPU usage preset". Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini prosesa haitachoka sana. Kwa anayependa Output Mode ya Advanced, ni kuitoa CPU Usage Preset kwenye veryfast na kuipeleka superfast au ultrafast. Majina hayo huwachanganya watu: ultrafast haiharakishi video yako, inamruhusu enkoda asihangaike sana kutafuta njia bora ya kubana.

Palepale kwenye Output kuna mtego mwingine, Recording Quality. Mtu akiona Lossless anadhani amepata ubora wa mwisho. Amepata. Amepata pia faili la kutisha linaloweza kujaza diski kabla somo halijaisha, na hapo hata diski inaanza kuchelewa. Chaguo la High Quality, Medium File Size linatosha masomo, maonyesho ya programu, na hata michezo mingi. Same as stream nayo iepuke kama unapenda kusimamisha kurekodi katikati, kwa sababu ukiichagua kitufe cha kusimamisha kwa muda hakipatikani.

Recording Format iwe MKV. Hili halihusu fremu, ila siwezi kulipita: umeme ukikatika au OBS ikifa katikati ya kurekodi MP4 ya kawaida, faili zima linaweza kugoma kufunguka. MKV hubaki na kila kilichorekodiwa mpaka sekunde ile. Ukimaliza, menyu ya File ina Remux Recordings inayoigeuza kuwa MP4 kwa sekunde chache bila kugusa ubora.

Hatua ya 3: Grafiki imezidiwa

Hapa dawa ni kuipunguzia chipu mizigo, na mizigo mingine hata hujui umeibeba.

Kivinjari ndicho mlaji mkubwa. Tabu 20 zilizofunguliwa, moja ina video inayocheza kimya kimya nyuma, nyingine ina matangazo yanayomemeta, zote zinachorwa na chipu ileile ambayo OBS inaitegemea. Funga usivyovihitaji. Ukitaka kuona nani anakula nini, Task Manager ina safu ya GPU. Bofya kichwa chake na walaji watajipanga kutoka juu.

Anayerekodi mchezo ana kazi ya ziada: aufungie mchezo idadi ya fremu. Mchezo ukiachwa huru hutumia chipu yote mpaka asilimia 100, na OBS haibakiziwi kitu. Washa V-Sync, au weka kikomo cha 60, au hata 30 kwa laptopu dhaifu, ili chipu ibaki na akiba.

Kisha fanya haya mawili madogo. Bofya njia ya mkato ya OBS kwa kitufe cha kulia na uchague Run as administrator. Windows 10 na 11 hapo huiruhusu OBS ipewe kipaumbele kwenye chipu ya grafiki. Na ukishaanza kurekodi, bofya kulia juu ya picha ndani ya OBS na uondoe alama kwenye Enable Preview. Unayemwonyesha hayo marudio ni wewe mwenyewe, na wewe unatazama Excel.

Kagua pia kilichomo kwenye Sources, orodha ya vyanzo vya picha ndani ya OBS. Watu hukusanya: saa, nembo inayozunguka, ukurasa wa wavuti, picha kubwa ya mandhari. Kila kimoja huchorwa upya kila fremu. Nimewahi kumsaidia rafiki ambaye video zake zilikwama wiki nzima. Kumbe kwenye onyesho lingine (Scene), ambalo hata halikuwa linaonekana, aliacha chanzo cha ukurasa wa wavuti kikiwa kinacheza video. Kwenye sifa za chanzo cha namna hiyo kuna "Shutdown source when not visible". Iweke alama.

Laptopu zenye kadi mbili za grafiki, yaani ya ndani ya kuokoa betri na ya NVIDIA au AMD kwa kazi nzito, zina fumbo lao. Skrini ya laptopu mara nyingi huwa imeunganishwa na ile ya ndani. Ukirekodi skrini nzima kwa Display Capture huku OBS inaendeshwa na kadi kubwa, unaweza kupata picha nyeusi au kwikwi. Ingia Settings za Windows, System, Display, Graphics, tafuta OBS na uipe Power saving. Kwa anayerekodi mchezo kwa Game Capture ni kinyume chake: OBS na mchezo viwe kwenye kadi moja, nayo ni ile kubwa.

Hatua ya 4: Punguza pikseli, usiogope fremu 30

Fanya hesabu hii mara moja na hutaisahau. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 2,073,600. Kwa fremu 60, laptopu inashughulikia pikseli zipatazo milioni 124 kila sekunde. Skrini ya 1280 kwa 720 ina pikseli 921,600, na kwa fremu 30 ni milioni 27.6 kwa sekunde. Mzigo umepungua mara nne na nusu, bila kununua chochote.

Watu hukataa fremu 30 kwa sababu wanasikia 60 ndiyo ya kisasa. Kwa mchezo wa mbio au wa kupigana, naam, tofauti inaonekana. Kwa Excel, Word, somo la hesabu au maelezo ya mfumo wa ofisi, 30 zilizonyooka ni bora kuliko 60 zinazokatikakatika, na tofauti yenyewe huenda mtazamaji wako asiipate kabisa: YouTube haitoi fremu 60 chini ya 720p. Mwanafunzi anayebana bando na kutazama kwa 480p atapewa 30 hata kama ulijinyima usingizi kurekodi 60.

Ingia Settings, Video. Common FPS Values iweke 30. Usiweke 24 wala 25 eti zinafanana na sinema. Skrini nyingi za laptopu hujichora mara 60 kwa sekunde, na 60 hugawanyika kwa 30 bila baki. Kwa 25 haigawanyiki, kwa hiyo hata laptopu yenye nguvu itatoa mwendo usio sawa, fremu nyingine zikikaa muda mrefu kuliko wenzake. Laptopu yako ikiwa dhaifu mno, badilisha kwenda Integer FPS Value na uandike 20. Nayo inagawa 60 sawasawa, na kwa somo la jedwali mtu hatagundua mpaka umwambie.

Sasa ukubwa. Palepale kuna Base (Canvas) Resolution na Output (Scaled) Resolution. Ushauri unaopatikana kila mahali ni kuacha ya kwanza 1920 kwa 1080 na kuifanya ya pili 1280 kwa 720. Unafanya kazi, lakini una gharama mbili. Chipu ya grafiki inabidi ipunguze kila fremu, na herufi ndogo za skrini zikipunguzwa zinakuwa ukungu. Kwa mchezo hakuna shida. Kwa somo lenye maandishi ni hasara.

Ninachofanya mimi ni kuibadilisha skrini yenyewe. Kabla ya kurekodi naingia Settings za Windows, System, Display, naweka Display resolution 1280 kwa 720, kisha kwenye OBS naweka Base na Output zote 1280 kwa 720. Skrini ya laptopu itaonekana na ukungu kidogo machoni pako, na madirisha yatakuwa makubwa kama ya mtu mwenye miwani minene. Vumilia. Kinachorekodiwa ni pikseli halisi, kali, zisizopunguzwa, na herufi zimekuwa kubwa kiasi cha kusomeka kwenye simu ya inchi 6. Wanafunzi wangu wengi wako kwenye simu. Tangu nianze hivi sijaulizwa tena "mwalimu, hapo umeandika nini?"

Kwa wenye skrini za 1366 kwa 768, ambazo zimejaa kwenye laptopu za mtumba, sababu ya kufanya hivi ni kubwa zaidi. Namba 1366 haigawanyiki kwa 4, na OBS huhitaji upana unaogawanyika kwa 4, kwa hiyo huupunguza hadi 1364. Pikseli mbili tu, lakini picha nzima inavutwa kidogo ili iingie, na kingo za herufi zinalainika. Nenda 1280 kwa 720 uachane na hesabu hizo.

Kama lazima upunguze, basi Downscale Filter iweke Bilinear. Ndiyo nyepesi kuliko zote. Lanczos ni nzuri zaidi kwa jicho na nzito zaidi kwa chipu.

Hatua ya 5: Dakika 5 za kwanza safi, kisha kwikwi

Ukiona hivi, ni joto. Prosesa ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa i5-6200U ni nyuzi 100, hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Somo linaanza vizuri na linaharibika likinoga.

Usirekodi ukiwa umeiweka laptopu juu ya kitanda au kochi. Godoro huziba matundu ya chini na feni inabaki inazungusha hewa ileile ya moto. Meza ngumu, na vitabu viwili chini ya ukingo wa nyuma, vinatosha kuanzia. Laptopu iliyotumika miaka kadhaa bila kufunguliwa huwa na blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi ya kupoozea. Mpe fundi alisafishe na abadilishe pesti ya prosesa kwa safari hiyohiyo. Kwa joto la Dar au Mombasa mwezi wa pili, mimi hurekodi asubuhi. Feni haingurumi kwenye maikrofoni, nayo ni faida ya pili. Maana ukiamua kuufuta mngurumo kwa kichujio cha sauti cha OBS, RNNoise husafisha vizuri lakini hula prosesa zaidi ya Speex.

Na RAM? Yule aliyeniambia niongeze RAM hakukosea kabisa, alikosea sababu. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya laptopu. Ikiwa una kijiti kimoja tu, inapita kwenye njia moja. Kijiti cha DDR4 cha 2133 hupitisha takriban GB 17 kwa sekunde; viwili vikikaa pamoja, njia inakuwa mara mbili. Task Manager, Performance, Memory, tazama Slots used. Ukiona 1 of 2 na tatizo lako ni rendering lag, kijiti cha pili ni hela iliyotumika vizuri. Kama tatizo lako ni encoding lag, rudi hatua ya 2 na hela ibaki mfukoni.

Diski nitaipitia haraka kwa sababu inasingiziwa sana. Video ya 720p yenye kilobiti 2,500 kwa sekunde huandika KB 312 tu kila sekunde; nusu saa ni takriban MB 560. Hata diski ya zamani ya kuzunguka inaimudu, isipokuwa ikiwa imejaa pomoni au Windows inapakua masasisho wakati huohuo. Usirekodi tu kwenye folda inayojipandisha mtandaoni yenyewe, kwa sababu programu ile itakuwa inalikimbiza faili linaloendelea kukua.

Skrini inateleza, uso wako ndio una kwikwi

Hili Stats haitakuonyesha, kwani fremu hazijapotea, kamera haikuzitoa.

Sababu ya kwanza ni giza. Kamera ya laptopu ikikosa mwanga huacha kila fremu ipigwe muda mrefu zaidi ili ionekane, na kutoka fremu 30 inashuka hadi 15 au chini ya hapo. Geukia dirisha, au washa taa mbele yako, si nyuma. Kisha bofya mara mbili chanzo cha kamera kwenye OBS, ingia Configure Video, na uondoe fidia ya mwanga hafifu kama ipo.

Sababu ya pili ni fomati. Kamera ikituma picha isiyobanwa ya 1280 kwa 720, inayoandikwa YUY2, fremu 30 zingehitaji megabiti zipatazo 440 kwa sekunde. USB 2.0 ina 480 kwenye karatasi na pungufu ya hapo kwa vitendo, kwa hiyo kamera nyingi hujishusha zenyewe hadi fremu 10 kwenye ukubwa huo. Kwenye sifa za chanzo badilisha Resolution/FPS Type iwe Custom, weka ukubwa wako, FPS 30, na Video Format uchague MJPEG. Na kama uso wako unakaa kwenye kidirisha kidogo pembeni, 640 kwa 480 inatosha kabisa.

Hakiki faili lenyewe

Fungua kwenye kivinjari saa ya kupimia muda inayoonyesha sehemu za mia za sekunde. Irekodi kwa sekunde 20 huku unafanya kazi nyingine pembeni. Fungua faili kwa VLC, simamisha, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza inasogea fremu moja. Kwa fremu 30, saa inapaswa kuongezeka sehemu 3 au 4 za mia kila mara. Ukiona namba ileile imejirudia kwenye fremu mbili mfululizo, hapo kuna fremu iliyopotea na OBS ikaweka nakala ya iliyotangulia kuziba pengo. Moja ndani ya sekunde 20 iache. Tatu mfululizo, rudi kwenye Stats uone ni mstari upi umepanda.

Kisha lirushe faili hilohilo kwenye simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima nyumbani na ulicheze humo. Mimi huazima ya mama yangu. Ikiteleza kwenye ile, naipandisha.